Lenzi za rangi kwa biarusi: maji yasiziguse

Napamba maharusi hapa Langoni, Lamu, na siku hizi wengi wanataka lenzi za rangi za kuvaa machoni, hasa za kijivu. Sikatai kumvisha mtu, ila sharti langu ni moja: lenzi na maji visikutane. Maji ya kisima, ya mfereji au ya tangi yaweza kuwa na amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Acanthamoeba. Hujishika kwenye lenzi, akaingia kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kuila. Tiba yake huchukua miezi, na wapo wasiorudi kuona sawasawa.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa, isibaki na mafuta ya nywele. Lenzi huvaliwa kabla ya wanja na poda, na huvuliwa kabla ya kufuta vipodozi. Ikianguka mkekani, usiitie mate wala usiimwagie maji ya kata. Iweke kiganjani, tia dawa ya lenzi, isugue taratibu kwa ncha ya kidole, kisha isuuze kwa dawa hiyo hiyo. Dawa ya jana kikoponi mwagia mbali, usiiongezee mpya juu yake. Na mdogo mtu akitaka kuziazima, mnyime.

Ukitawadha, fumba macho unapoosha uso. Kukoga, au kuogelea Shela, zivue kwanza.

Usiku wa harusi ndio unaonitia hofu. Biarusi amechoka, analala nazo. Konea haina mishipa ya damu, hewa yake huipata nje. Kope likifunika lenzi usiku kucha, hewa hupungua na bakteria hupata mwanya. Utafiti wa Marekani wa 1989 ulikuta kwamba katika kila watumiaji 10,000 wa lenzi laini, wenye kuzivua kila siku waliougua vidonda vya konea kwa mwaka ni kama 4; wenye kulala nazo, kama 21. Ndiyo maana humkabidhi somo wake kikopo na dawa, nikamwambia asitoke chumbani mpaka lenzi zimetoka machoni.

Jicho likiuma, likawa jekundu, likaogopa mwanga au likaona ukungu, vua lenzi usizirudishe. Nenda hospitali ya King Fahd siku hiyo hiyo, na lenzi pamoja na kikopo chake uvichukue, huenda wakahitaji kuvipima. Usinunue matone ya macho kwa kubahatisha: yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yaweza kufifisha wekundu huku ugonjwa ukiendelea kuchimba ndani.