Kuchagua kiyeyushi cha kufuwelisha upya: anza na testitubu

Bidhaa ya mmenyuko ikishatoka na uchafu wake, tunaisafisha kwa kuifuwelisha upya: inayeyushwa kwenye kimiminika cha moto (kiyeyushi), kisha ikipoa inatoka kama fuwele safi. Wanafunzi wengi hukimbilia asetoni kwa kuwa inayeyusha karibu kila kitu. Mimi siipendi kwa sababu hiyohiyo. Tunatafuta kiyeyushi kinachoipokea bidhaa kikiwa moto na kuitema kikipoa.

1. Weka takriban gramu 0.1 ya bidhaa kwenye testitubu, ongeza mililita 1 ya kiyeyushi baridi, tikisa. Ikiyeyuka yote, achana nacho.

2. Haikuyeyuka? Pasha moto, ukiongeza kidogokidogo hadi mililita 3. Ikigoma kabisa, badilisha kiyeyushi. Ethanoli na heksani zipashie kwenye maji ya moto, moto wa wazi usiwepo karibu.

Mimi huanza na maji yaliyokenekwa: ni rahisi na hayawaki. Asidi ya benzoiki, kwa mfano, huyeyuka takriban gramu 3.4 kwa lita kwenye 25°C, na vitabu vinaandika 56 kwenye 100°C. Ila Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu 96°C. Hiyo 56 hutaifikia, kwa hiyo ongeza maji kidogo kabla ya kusema kiyeyushi kimeshindwa. Baada ya maji, ethanoli. Spiriti ya dukani yenye rangi iache dukani.

3. Poza. Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima, na kosa mara nyingi si la kiyeyushi.

Kwanza, myeyusho unaweza kupoa ukabaki kimiminika bila fuwele ingawa umeshazidiwa na bidhaa. Usiumwage. Kwangua ukuta wa ndani wa testitubu kwa fimbo ya kioo, au dondoshea punje moja ya bidhaa ileile, kisha weka kwenye barafu. Barafu ya wauza samaki wa Mwaloni inafaa sana, mradi ibaki nje ya testitubu. Bado kimya? Huenda umeweka kiyeyushi kingi. Chemsha kipungue, urudie.

Pili, badala ya fuwele yanaweza kutoka matone ya mafuta. Hutokea zaidi bidhaa inapoyeyuka yenyewe, bila kiyeyushi, kwa joto lililo chini ya kiwango cha kuchemka cha kiyeyushi, na uchafu hushusha joto hilo zaidi. Mafuta hayo yakiganda hubeba uchafu wote ndani. Pasha tena, ongeza kiyeyushi, acha ipoe polepole mezani bila barafu. Yakirudi, tafuta kiyeyushi kinachochemka chini zaidi.

Tatu, kama kuna chembe zilizobaki chini tangu ikiwa moto, zinaweza kuwa uchafu usioyeyuka. Ukizifukuza kwa kuongeza kiyeyushi, utajikuta na myeyusho mwembamba usiotoa kitu. Chuja ukiwa moto.

4. Hakuna kilichofaa peke yake? Changanya viwili vinavyochanganyikana. Yeyusha kwenye ethanoli ya moto, dondosha maji ya moto hadi ukungu uanze, rudisha matone ya ethanoli hadi utoweke, kisha poza.

5. Fuwele zioshe kwa matone machache ya kiyeyushi hichohicho, kikiwa baridi ya barafu.