Ramani ya mchezo: mwaga maharage kwanza

Ukitaka kuchora kisiwa au nchi ya kubuni kwa ajili ya mchezo wenu wa dadu na hadithi, usianze na kalamu. Mkono ukiachiwa hivi hivi huchora kiazi. Chukua konzi ya maharage makavu, yamwage kwenye karatasi, kisha zungushia lile fungu kwa penseli, ukifuata kila kona. Ghuba, rasi na visiwa vidogo vinajitokeza vyenyewe. Palipolundikana zaidi, weka milima. (Maharage yarudishe kwenye kopo lake, mimi nimeshasemwa.)

Kinachoharibu ramani nyingi ni mito. Mto hushuka kutoka juu na kuungana na mwenzake njiani, haugawanyiki ovyo. Tazama Rufiji: Kilombero na Ruaha Mkuu inaingia humo, na kugawanyika kunakuja mwishoni kabisa, kwenye delta, karibu na bahari. Ziwa nalo hupokea mito mingi, lakini kwa kawaida hutoa mmoja tu. Ziwa Victoria linapokea Kagera, Mara na mingine. Maji yanatokea Jinja peke yake.

Kuhusu vipimo, gawa ramani kwa miraba, kila mraba uwe na upana wa kilomita 10. Mtu mwenye mzigo akitembea kutwa kwenye njia nzuri anamaliza miraba mitatu hivi. Msituni au kwenye matope, mmoja. Wachezaji wakiuliza "tutafika lini?", unahesabu kwa vidole tu.