Bosi akikuambia usaini kitu unajua si kweli

Hii ni ya wewe unafanya stoo pale Industrial Area, ama kwa akaunti za kampuni yoyote hapa Nairobi, na bosi amekuletea karatasi anasema saini tu haraka lori iende.

Usisaini na usipayuke. Mwambie naomba nihesabu mzigo kwanza, hakuna mtu anaweza kusema hapo umekataa kazi.

Halafu, na hapa ndio watu huchomeka, amri chafu huja kwa mdomo tu, ama kwa simu, ama anakuita kando kwa pakingi, sababu hataki ibaki mahali. Kwa hivyo iweke kwa maandishi wewe, kwa heshima, WhatsApp ama imeili: "Habari bosi, umesema nisaini dilivari ya saruji mifuko 200 lakini stoo nimehesabu 140. Niandike 140 ama tungoje hizo zingine zifike?" Hujamwita mwizi, umeuliza swali la kazi. Akikupigia badala ya kujibu, andika kwa daftari siku, saa na maneno yenyewe aliyosema, na likae nyumbani, si kwa droo ya ofisi, juu siku ya kufukuzwa hata meza yako unaweza kosa kuigusa.

Tafadhali usitegemee "niliambiwa na bosi". Sahihi ni yako, na Kanuni ya Adhabu kifungu cha 330 kinamshika karani ama mfanyakazi mwenyewe anayeandika hesabu za uongo akijua ni za kulaghai.

Akianza vitisho, najua kodi ya nyumba inangoja na fees za watoto pia, lakini usiandike barua ya kuacha kazi hata akikuwekea kalamu mkononi, ukijiuzulu kesi yako inakuwa ngumu sana. Akitaka afukuze yeye. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka akueleze makosa yako na akusikize kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako kando. Akiruka hiyo, ona afisa wa leba ndani ya miezi 3, ama uende korti ya kazi pale Milimani, fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Kama ni hongo ya tenda, EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, wako Integrity Centre na wanapokea ripoti hata bila jina lako. Mambo ya ushuru ni KRA. Na kabla hujaenda usimwambie mtu wa ofisini, hata yule mnakula naye lanchi.