Geti lisipinde wakati wa kuchomelea

Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujivuta. Upande uliochomelewa ndio unaovuta wenzake. Kwa fremu ya skwea paipu ya 40 × 40 × 1.5 mm, fimbo ya kuchomelea ya 2.5 mm na ampea 60 hadi 80 zinatosha.

Laza fremu mahali palipo sawa, bana kwa klampu, kisha piga pointi (vidoti vidogo vya kushikiza) kona zote nne kabla ya kuchomelea chochote. Pima mshazari kwa mshazari: vipimo visipolingana, gonga sasa, kwani baadaye utalia. Chomelea kona moja, ruka uende ya mkabala, halafu geuza fremu.

Shiti, yaani bamba la chuma linaloziba fremu, ndiyo yenye usumbufu. Ukiichomelea mfululizo itavimba katikati kama chapati. Chomelea vipande vifupi vya 20 mm kila baada ya 150 mm, ukianzia katikati kwenda pembeni, na usirudie sehemu ambayo bado ina moto. Asubuhi ya Julai pale Mbeya au Makambako baridi itakushawishi upandishe ampea, usizidishe. Maji ya kupoza usimwage. Klampu zifunguliwe chuma kikishikika kwa mkono mtupu.