Pakiti imeandikwa "kanda 9–11": fanya hivi ukiwa Nairobi

Majirani huniletea pakiti za mbegu na miche ya kuagizwa, wakiuliza kama itamea hapa. Namba hiyo inasaidia, ila usiifuate kama sheria.

1. Jua inapima nini. Ni mfumo wa Idara ya Kilimo ya Marekani wenye kanda 13, zinazopishana kwa takriban nyuzi 5.6 za Selsiasi. Unatazama usiku wa baridi kali zaidi katika mwaka, kwa wastani wa miaka mingi, basi. Mvua, udongo na joto la mchana havimo. Sehemu kubwa ya Nairobi huangukia kanda ya 11, yaani nyuzi 4.4 hadi 10.

2. Pima ua wako. Hapa usiharakishe. Programu ya simu siitaki: inakupa baridi ya mahali pengine, na Dagoretti iko juu kuliko uwanja wa ndege wa Embakasi kwa zaidi ya mita 150, tofauti ya karibu nyuzi moja. Nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Kitundike kivulini, usawa wa kifua, kwenye mti au kigingi. Usikiweke ukutani, kwa sababu mawe hunyonya jua mchana na kulitoa usiku, nawe utadhani unaishi Mombasa. Kisome kila asubuhi, kisha urudishe alama zake. Pima Julai na Agosti. Februari ni kazi bure. Halafu kihamishe hadi pembe ya chini kabisa ya ploti. Hewa baridi huteremka kama maji, na ikikuta ukuta usio na matundu hutuama hapo. Walio kando ya mto hasa wasiruke hatua hii.

3. Tafuta pembe yenye joto. Vitabu vya Ulaya husema ukuta unaotazama kusini. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, na wakati wa kipupwe jua hupita upande wa kaskazini. Chagua ukuta unaotazama kaskazini.

4. Uliza kama mmea utazaa, si kama utakufa. Baridi yetu haiui mwembe, lakini mawingu ya Julai na ubwiri (ugonjwa wa ukungu) hupukutisha maua. Mimi ningepanda parachichi. Mtufaha shida yake ni kinyume: hutaka baridi ndefu ili uamke, nasi hatunayo. Chukua aina ya Anna, inayoridhika na baridi kidogo, na uupukuchue majani kwa mkono baada ya kuvuna ili uchipue upya. Karakara, chukua ya zambarau. Ya njano ni ya nyanda za chini.

5. Panda mvua ikishika, mwishoni mwa Machi au Oktoba. Ukiwa na ule udongo mweusi unaonata, inua tuta kwanza.