Kiapo cha uraia kwa mzazi mhamiaji: someni hapa kabla ya kuniuliza

Tangu Jumapili nimeulizwa swali moja na watu wanne: mzazi mhamiaji aliyekubaliwa uraia wa Tanzania ajiandaeje kwa kiapo, na watoto wake je? Kwa hiyo naliandika jibu mara moja. Mimi ni mzaliwa wa Karonga, Malawi, nilivuka mto Songwe ulio mpakani nikiwa kijana, nikaishi Kyela kisha Mbeya mjini, na niliapa nikiwa tayari baba. Somo hili ni la yule ambaye ombi lake la tajnisi, yaani la mgeni kupewa uraia, limekwisha kukubaliwa.

Hatua ya kwanza: soma barua ya wito hadi mwisho na ubebe kila kilichotajwa, nakala halisi pamoja na vivuli.

Hatua ya pili: linganisha jina lako herufi kwa herufi katika nyaraka zote.

Hatua ya tatu: ukane uraia wa awali. Malawi imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2019, na wenzangu wengi hudhani ruhusa ya kule inatosha huku. Haitoshi, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili.

Hatua ya nne ni watoto, na hapa ndipo nilipoteleza. Niliamini kwamba kiapo cha baba hufunika nyumba nzima. Binti yangu mkubwa, ambaye tulivuka naye akiwa bado anatambaa, nilimshonea gauni la kitenge kwa ajili ya siku hiyo, akakaa kwenye benchi la nyuma ameshika bahasha yangu, nami nikatoka na cheti chenye jina langu peke yangu. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa Waziri mamlaka ya kumtajnisi mtoto wa raia, lakini ni kwa ombi la mzazi au mlezi, na mtoto awe hajatimiza miaka 18. Nilikuwa na miezi mitano mkononi, nikaipoteza nikimngoja mtu aliyeniahidi kwamba atalisogeza jambo langu. Binti akatimiza miaka 18, na sasa anaomba mwenyewe kwa masharti ya mtu mzima. Basi andaeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto kabla ya kiapo, wala msitegemee kadi ya kliniki, ili ombi lao lianze mara tu mzazi anapokuwa raia.

Hatua ya tano: soma cheti chako papo hapo, kabla hujaondoka, kisha ukashughulikie kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa maana kile cha mgeni mkaazi hakikufai tena.

MASWALI

Fundi wa Mwanjelwa: Kaka, naapa mwezi ujao. Watoto nao watakuwa raia siku hiyohiyo?

Jibu: Rudi hatua ya nne.

Fundi wa Mwanjelwa: Maelezo ni marefu, nijibu tu ndiyo au hapana.

Jibu: Hapana. Na kutoyajua maelezo hayo kumemgharimu binti yangu nafasi yake, ndugu yangu, yasome.

Mama wa Kasumulu: Ugonile, baba. Mume wangu ni Mtanzania wa kuzaliwa, mimi ni Mmalawi, na mtoto wetu alizaliwa Karonga. Naye aombewe tajnisi?

Jibu: Ndaga, mama, umeuliza vizuri. Mtoto wako hahitaji tajnisi. Aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi ambaye ni raia wa kuzaliwa huwa raia wa kurithi. Tafuteni nyaraka zinazothibitisha uraia wa baba yake, na mkumbuke kwamba akifikisha miaka 18 hataruhusiwa kubaki na uraia wa Malawi pia. Kiapo chako wewe hakimhusu kabisa.

Mzee wa Tukuyu: Niongeze neno kuhusu kutunza cheti. Kwa mvua za huku Rungwe, changu kilianza kuota ukungu kabatini, mke wangu akakihamishia kwenye kopo la biskuti lenye kifuko cha mchele mkavu chini yake.

Fundi wa Mwanjelwa: Mchele wa Kyela, mzee, au wowote?

Mzee wa Tukuyu: Wowote, mradi uubadilishe kila mwezi. Ule wa zamani huwa tunaupika.