Keki ya harusi ya watu 200: ngazi ngapi, inchi ngapi?

Jamani nyie mlio kwenye vikao vya harusi saivi, kabla hujamtumia fundi wa keki ile picha uliyoipenda, mfate kwanza mtu wa kadi kwenye kamati umuulize zimetoka singo ngapi na dabo ngapi. Kadi 120 sio watu 120. Kama dabo ni 80 na singo ni 40 hao ni watu 200 tayari, na bado hujaweka watoto wanaokuja wamebebwa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu harusi ya mdogo wangu, ilikuwa Tabata, tulichagua keki kwa macho. Ngazi tatu za duara, inchi 6, 8 na 10, nzuri kweli, na aliyeitengeneza alituambia inatosha tukaridhika. Sasa wakati wa keki umefika, maharusi wamekata, wamelishana, MC akaita wazazi wa bwana harusi wakakabidhiwa ile ya juu, akaita wazazi wetu wakapewa ya katikati, watu wakapiga vigelegele. Mimi ndo nikashtuka, ikabaki ya inchi 10 peke yake kwa ukumbi mzima! Sinia lilifika meza ya nne likaisha. Shangazi yetu aliyetoka Moro alikuwa meza ya tisa, nilimuona kashika tishu mkononi anaangalia upande wahudumu wanapotokea, hadi muziki wa kufungua chakula ukaanza.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Kipande cha keki ya harusi kinahesabiwa inchi 1 kwa inchi 2, na keki iwe na kimo cha inchi 4. Kwa kipimo hicho duara la inchi 6 linatoa vipande 12, inchi 8 vipande 24, inchi 9 kama 32, inchi 10 vipande 38, inchi 12 vipande 56, na inchi 14 vinafika 78. Ukichukua ya pembe nne unapata zaidi kwa inchi zilezile, yaani ya 8 inatoa 32, ya 10 inatoa 50, ya 12 inatoa 72. Kwa hiyo ile ya kwetu yote ilikuwa na vipande 74 tu, na tukagawa 36 kwa wazazi.

Ila hapa Dar mgeni hapewi kipande kwenye sahani, anapitishiwa sinia achome kimoja na kijiti cha meno. Hicho ni nusu ya kipande, kile cha kimo cha inchi 4 kinakatwa katikati vinatoka viwili. Kwa hiyo wageni 200 wa kijiti wanahitaji vipande 100 vya kawaida, na duara la 6, 9 na 12 zikiwa ngazi tatu zinakupa 100 kamili. Mi ndo ningeanzia hapo. Alafu keki za wazazi ziwe pembeni kwenye stendi zake, inchi 6 kila upande, na nyingine ya wasimamizi kama mnawapa, hizo usizihesabu kabisa kwa wageni maana zinaenda nyumbani kwa watu. Na kama mnataka kuhifadhi ile ngazi ya juu toa vipande vyake 12 kwenye hesabu.

Hiyo 6, 9, 12 ina faida nyingine, kila ngazi inaacha inchi moja na nusu kuzunguka kwa hiyo maua yanakaa. Mkienda 6, 8, 10 nafasi ni inchi moja tu, keki inaonekana nyembamba imesimama, wengine wanaipenda hivyo.

Sasa kama ukumbi ni mkubwa na bi harusi anataka ngazi tano, msilazimishe ngazi zote tano ziwe keki ya kweli kwa watu 200, mtatupa hela. Wekeni dami chini, ile ya foamu inayopambwa na aisingi kama keki, hakuna atakayejua. Ila mkubaliane na fundi kisu kinaingia ngazi gani na maharusi waonyeshwe mapema. Alafu keki ya wageni iokwe pembeni, kwenye trei ya kawaida, isiwe na mapambo mengi, ikatwe jikoni. Trei ya inchi 9 kwa 13, kimo kilekile cha inchi 4, inatoa vipande 58, hivyo vya kijiti ni 116. Mimi hata nikiwa na keki inayotosha naongeza trei moja, kuna wanakamati, wapiga picha, wahudumu, na watu waliokuja bila kadi ambao huwezi kuwarudisha mlangoni.

Fundi akikwambia keki ni kilo 5, muulize hiyo kilo ni ya unga au ya keki ikishaiva na aisingi yake, maana kila mtu anapima anavyojua. Bora aandike inchi na kimo. Keki ya inchi 10 yenye kimo cha inchi 2 na nusu sio ile ya inchi 4 hata kidogo.

Joto pia lizingatiwe, Desemba hapa krimu ya siagi inalainika haraka kama AC ya ukumbi haijawashwa mapema. Ngazi zisafirishwe zimeachana, kila moja na kibao chake, zipangwe hukohuko ukumbini na vijiti vya kubeba uzito ndani, maana matuta na foleni za huku hazina huruma na keki iliyosimama.

Mwisho ni mkataji. Usimuachie mhudumu akate kipembetatu kama keki ya bethidei, hapo ndo vipande vinapotea. Akate duara ndani ya duara, inchi 2 kutoka ukingoni, ile pete ya nje aikate inchi moja moja, alafu arudie kwa ndani. Mchoree kwenye karatasi umpe mkononi asubuhi ya harusi, na kisu kirefu, na jagi la maji ya moto la kuchovya.